Nina viza ya masomo ya F-1 na mume wangu ni raia wa Marekani. Naweza kwenda Mombasa kumwona nyanya, halafu nirudi?

BintiLikoni · 11 Mei 2025

Asalaam aleikum ndugu zangu. Husoma humu bila kuandika, lakini leo maji yamenifika shingoni na nahitaji ushauri wa watu waliopita njia hii.

Mimi ni mzaliwa wa Likoni. Nasoma shahada ya uzamili ya afya ya umma hapa Columbus, Ohio, na inshallah namaliza Desemba. Niliingia kwa viza ya F-1, I-94 yangu (rekodi ya kuingia nchini) imeandikwa D/S, yaani nakaa mradi masomo yanaendelea, sijaacha muhula hata mmoja na sijafanya kazi yoyote nje ya chuo. Viza iliyobandikwa kwenye pasipoti bado haijaisha.

Februari mwaka huu nimeolewa. Mume wangu amezaliwa hapa hapa Ohio, wazazi wake walitoka Kismayu, na Kiswahili anakielewa kuliko anavyokisema. Tulichukua leseni ya ndoa kwenye mahakama ya kaunti ya Franklin, kisha imamu wetu, ambaye amesajiliwa na jimbo kufungisha ndoa, akatuozesha. Ami yangu alimpa uwakala kwa simu akiwa Likoni. Leseni ilitiwa sahihi na kurudishwa mahakamani, na cheti cha ndoa tunacho.

Sasa shida. Nyanya yangu ndiye aliyenilea tangu nikiwa mdogo sana. Figo zake zimekufa, anapelekwa kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na ami amenambia nisichelewe. Nataka kwenda Julai, wiki tatu tu, nikae naye, nirudi nimalize masomo. Makaratasi ya grini kadi bado hatujatuma. Dada mmoja msikitini anasema kwa vile hatujatuma kitu, mimi bado ni mwanafunzi tu, niende kwa raha zangu. Mwingine anasema ukishaolewa na raia usitoke kabisa. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni ilikuwa tayari kunitilia sahihi ya safari kwenye I-20 (fomu ya chuo ya mwanafunzi wa kigeni), lakini nilipotaja ndoa, yule mama akaweka kalamu chini akaniambia nitafute wakili kwanza.

Yako mengine mawili. Mume wangu anafanya kazi kwenye bohari, anapata kama dola 31,000 kwa mwaka. Ana binti wa ndoa ya kwanza, yuko Cincinnati na mamake, na yeye hulipa matunzo kila mwezi. Hesabu yake ni kwamba sisi ni watu wawili, kwa hiyo mshahara unatosha kunidhamini grini kadi. Je, ni kweli? La pili ni cheti changu cha kuzaliwa. Nilizaliwa nyumbani kwa mkunga mwaka 1998, na nimesajiliwa 2012 nilipotakiwa kujiandikisha mtihani wa darasa la nane. Nimesikia cheti cha namna hiyo huleta maswali.

Tafadhali mwenye kujua anijibu. Silali.

Mzee_wa_Houston · 11 Mei 2025

Pole sana binti kwa kuuguliwa. Mimi ningesema nenda. Viza haijaisha, I-20 itatiwa sahihi, hujatuma ombi lolote. Binamu yangu alioa hapa, akaenda Nakuru, akarudi na viza yake ya masomo, hakuna aliyemuuliza neno, na grini kadi akapata baadaye. Mzazi ni mmoja tu. Ukimkosa, karatasi haitamrudisha.

MamaZuhura_MN · 12 Mei 2025

Waaleikum salaam mdogo wangu, na pole sana. Mungu amfanyie wepesi nyanya.

Nijitambulishe ili ujue unamsikiliza nani. Mimi ni mtu wa Tanga, niko Minneapolis. Nilikuja na F-1 kama wewe, nikaolewa na raia, na mahojiano yangu ya grini kadi yalikuwa 2019. Tangu hapo nimekuwa nikikalimani kwa kujitolea kwenye ofisi inayosaidia wahamiaji kujaza fomu. Wakili siye. Lakini hili la kusafiri nimeliona likivunja watu, na nitalisema bila kuzungusha.

Mzee wangu wa Houston, shikamoo. Kuhusu mzazi umesema kweli tupu. Kuhusu safari sikubaliani nawe. Binamu yako alipita kwa sababu hakuulizwa, na mtu hawezi kupanga safari juu ya swali ambalo huenda lisiulizwe.

Sikiliza, Binti. Viza ya F-1 inatolewa kwa sharti kwamba una nia ya kurudi kwenu masomo yakiisha. Hukuvunja sheria kwa kuolewa. Ila ukisimama mbele ya afisa uwanja wa ndege akakuuliza, umeolewa? Mume yuko wapi? Mnapanga kuishi wapi? Ukijibu ukweli, jibu lako lenyewe linampa sababu ya kukukatalia kuingia kama mwanafunzi. Ukidanganya, umeingia kwenye shimo la pili lililo baya zaidi: kusema uongo kwa afisa wa uhamiaji ili uingie kunaweza kukufungia mlango maisha yako yote, na msamaha wake huombwa kwa shida kubwa. Wewe sasa hivi una faili safi. Usiitie doa.

Kwa hiyo usitoke Julai kwa viza ya F-1. Hilo la kwanza.

La pili, na hapa ndipo naomba unisikilize kuliko pote: tumeni makaratasi sasa, msingoje Desemba. Najua mnaona kama kutuma ndiko kutakufunga miguu. Kwa upande mmoja ni kweli. Ukishatuma I-485, ambayo ndiyo ombi la grini kadi ukiwa humu nchini, ukitoka bila kibali cha kusafiri, ombi lako linahesabiwa umelitupa. Lakini kibali chenyewe, fomu I-131, unakiomba pamoja na I-485. Na ikiwa hali ya nyanya itazidi, mtu mwenye I-485 iliyopokelewa anaweza kuomba kibali hicho kiharakishwe kwa sababu za kibinadamu, au kupiga simu USCIS, idara inayoshughulikia maombi ya uhamiaji, aombe miadi ya kibali cha dharura kwenye ofisi ya karibu, akaenda na barua ya hospitali mkononi. Asiyetuma kitu hana anachoweza kuharakishiwa. Nimeona mtu akilia kwenye korido ya ofisi yetu, mamake yuko mahututi Kigoma, na yeye ombi lake liko kwenye bahasha juu ya friji kwa sababu walikuwa wakisubiri hela ya daktari wa vipimo vya uhamiaji.

Na njia nyingine ipo, nisikufiche. Unaweza kwenda kwa nyanya ukakaa naye kadiri Mungu atakavyojaalia, mume wako akatuma I-130, ombi lake la kukutambulisha kama mkewe, peke yake, na wewe ukamalizia safari yako ubalozi wa Marekani Nairobi kwa viza ya mhamiaji. Hujazidisha muda hata siku moja, kwa hiyo hakuna adhabu ya kuzuiwa kurudi kwa miaka 3 wala 10 inayokungoja ukitoka. Bei yake ni masomo kukatika na kuishi mbali na mumeo kwa muda ambao hakuna atakayekuahidi ni miezi mingapi. Kama daktari wa Mombasa anasema ni suala la wiki, hii ndiyo njia ya kuijadili na mumeo kwa uzito. Kama nyanya anaendelea na matibabu na hali imetulia, mimi ningetuma kila kitu mwezi huu na kuomba kibali. Ongeeni na daktari wake moja kwa moja, si kupitia jirani wa shangazi.

Sasa nikutulize kidogo. Upande wa sheria umesimama pazuri. Uliingia kwa kukaguliwa na kuruhusiwa, na I-94 yako ndiyo ushahidi. Ichapishe kutoka tovuti ya CBP, idara ya mipaka, leo. Na mke wa raia hapangi foleni ya namba ya viza, ndiyo maana mnaweza kutuma I-130 na I-485 kwa pamoja kwenye bahasha moja.

Kuhusu hesabu ya watu, mwambie shemeji yetu kwamba nyinyi ni watatu. Binti yake anahesabiwa hata kama analala Cincinnati, kwa sababu ni mtoto wake wa chini ya miaka 21 ambaye hajaolewa. Kiwango cha udhamini ni asilimia 125 ya mstari wa umaskini, na kwa kaya ya watu watatu mwaka huu wa 2025 ni dola 33,312. Kwa 31,000 anapungukiwa na kama 2,312. Msikate tamaa. Sheria inaruhusu kuziba pengo kwa akiba, na kwa mke wa raia akiba inatakiwa iwe mara tatu ya pengo, yaani dola 6,936. Kama ana kiasi hicho benki, aambatishe taarifa za akaunti za mwaka mzima. Kama hana, tafuteni mdhamini wa pamoja: raia au mwenye grini kadi, anayeishi Marekani, mwenye kipato cha kutosha kwa watu wa nyumbani kwake ukiongezwa wewe. Baba mkwe anafaa.

Ila kabla baba mkwe hajatia sahihi, mkae naye sebuleni mumwambie anachokitia sahihi. I-864, fomu ya udhamini, ni mkataba na serikali. Haufi ndoa ikifa. Unaisha wewe ukiwa raia, au ukishahesabiwa robo 40 za kazi, ambazo ni kama miaka 10, au ukihama nchi moja kwa moja, au mmoja wenu akifariki. Nimeona familia zikinuniana kwa sababu mzee aliambiwa "ni sahihi tu, baba".

Nakala ya hukumu ya talaka ya mume wako, iliyothibitishwa na mahakama, iwe kwenye bahasha, na tarehe yake iwe kabla ya ndoa yenu. Na umefanya vizuri sana kwenda mahakamani kwanza. Wengi wetu husoma nikahi msikitini, wakala biriani, wakaanza maisha, na leseni ya serikali hawakuchukua. Kwa Mungu wameoana. Kwa USCIS, nikahi iliyofungwa hapa Marekani bila leseni haina wa kuithibitisha.

Cheti chako sasa. Kusajiliwa miaka 14 baada ya kuzaliwa si kosa, nusu ya pwani yetu imesajiliwa hivyo. Afisa atataka ushahidi wa kukipa nguvu: kadi ya kliniki ya utotoni kama ipo, rekodi ya shule ya msingi yenye jina la mzazi na tarehe ya kuzaliwa, na viapo vya watu wawili waliojua kuzaliwa kwako. Mdogo wangu, mmoja wa hao wawili ni nyanya. Nani mwingine alikuwepo mkunga alipokuja? Mwambie ami ampeleke kwa wakili au kamishna wa viapo wakati bado ana nguvu ya kusema, au wakili aje nyumbani. Kiapo kiseme jina lake kamili, anwani, tarehe na mahali alipozaliwa yeye, undugu wenu, na amejuaje kuzaliwa kwako: nyumba ipi, nani alikuwepo, mkunga nani. Aseme kwa Kiswahili chake. Tafsiri ataifanya mtu mwingine anayejua lugha zote mbili, asiwe wewe wala mumeo, aandike chini kwamba anazijua na tafsiri ni kamili na sahihi, atie sahihi. Haihitaji mhuri.

Daktari: fomu ya uchunguzi wa afya, I-693, tangu Desemba 2024 inatakiwa itumwe pamoja na I-485, usiiache kwa baadaye. Ni lazima awe daktari aliyeidhinishwa na USCIS, na bei kila mmoja ana yake, kwa hiyo piga simu kwa watatu au wanne. Mwambie ami akutumie picha ya kadi yako ya chanjo. Kipimo cha kifua kikuu sasa ni cha damu, na ile chanjo yenye kovu begani haikivurugi. Bahasha atakayokupa usiifungue.

Ada: I-130 kwa karatasi ni dola 675, I-485 ni 1,440, kibali cha kazi I-765 kikienda nayo ni 260, na I-131 ni 630. Jumla 3,005. Kila fomu iwe na malipo yake. Ukikosea kiasi, mzigo wote unarudishwa na mmepoteza wiki ambazo kwa hali ya nyanya hamna. Fomu zenyewe ni bure kwenye tovuti ya USCIS, asikuuzie mtu. Na yeyote anayekutoza kwa "ushauri" bila kuwa wakili au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, mkimbie. Mashirika mengi ya wakimbizi yana wawakilishi hao kwa bei nafuu. Kwa kesi yenye mgonjwa ndani yake kama yako, mlipeni mtu wa kweli japo saa moja apitie faili.

Masomo usiyaache. Ukisubiri ukiwa bado F-1 iliyo hai, ombi likikwama una pa kusimama. Ukianza kufanya kazi nje kwa kile kibali kipya, F-1 umeiacha, na ukiingia nchini kwa kibali cha kusafiri, hutakuwa umeingia kama F-1. Si mwisho wa dunia, ila ujue unavyochagua.

Mahojiano yakifika, msijifundishe majibu. Afisa wangu picha za harusi alizipitia haraka haraka. Alipofika kwenye taarifa za benki akapunguza mwendo, akaweka kidole kwenye malipo ya bucha la nyama ya halali, akamuuliza mume wangu, hapa huenda nani? Mume wangu akasema, mimi, kwa sababu yeye husema wananiuzia mifupa. Tukacheka wote watatu. Halafu akaniuliza jina kamili la mama mkwe wangu. Kwetu nani humwita mkwe kwa jina? Mimi ni Mama tu, asubuhi na jioni. Bahati nilikuwa nimejaza fomu mwenyewe nikalijua. Kwa hiyo kaeni jioni moja muulizane majina ya serikali ya wazee wote, tarehe, na mmoja wenu alikuwa akiishi wapi kabla. Na wekeni maisha yenu kwenye karatasi kuanzia sasa: mkataba wa nyumba wenye majina mawili, akaunti ya pamoja, bima, marejesho ya kodi ya mwaka ujao mkijaza pamoja.

Baharia_Portland · 12 Mei 2025

Dada MamaZuhura, ubarikiwe. Naomba nidandie hapo hapo. Mke wangu ana grini kadi, uraia bado mwaka mmoja aombe. Mimi hadhi yangu ya uanafunzi ilikufa mwaka jana niliposhindwa karo. Naweza kutuma I-485 kama huyu dada?

MamaZuhura_MN · 12 Mei 2025

Kaka yangu, hapana, usiige kesi hii. Ndoa yako na yake zina heshima sawa, lakini foleni si moja. Mke au mume wa mwenye grini kadi yuko kundi la F2A, hungoja namba ya viza kulingana na jedwali linalotolewa kila mwezi, na hadhi iliyovunjika humzuia kupewa grini kadi akiwa humu nchini. Mke wako akila kiapo cha uraia, unahamia kundi la mume wa raia, na hapo kuvunjika kwa hadhi kunasamehewa mradi uliingia kihalali. Anaweza kutuma I-130 hata leo ili iwe tayari. Lakini usitume I-485 na usitoke nchini kabla hujakaa na wakili. Kesi yako inahitaji mtu aione kwa macho.

BintiLikoni · 14 Mei 2025

Dada yangu, sijui nikushukuru vipi. Nimemsomea mume wangu jibu lako lote, mengine nikimfafanulia.

Tumempigia daktari wa nyanya jana. Amesema kwa maneno yake kwamba akiendelea kusafishwa damu bila kukosa, hali inaweza kushikilia, tatizo ni maambukizi kwenye ule mrija wa shingoni. Kwa hiyo tumeamua kutuma yote mwezi huu na I-131 ndani yake. Daktari amekubali kuandika barua.

Mume wangu ana akiba ya dola 5,000 na ushei, haifiki. Baba mkwe amekubali kuwa mdhamini. Tulimweleza kama ulivyosema, sebuleni, na mama mkwe akiwepo. Aliuliza swali moja tu: nikifa je? Tukamwambia. Akasema leteni hiyo karatasi.

Ami ameshamwona wakili mmoja pale Mombasa, atavuka feri Alhamisi kwenda kwa nyanya nyumbani. Shahidi wa pili ni bi mmoja jirani ambaye ndiye aliyekwenda kumwita mkunga usiku ule. Nyanya alipoambiwa kwamba Marekani wanataka aeleze nilivyozaliwa, amesema ataeleza mpaka jina la mbuzi aliyechinjwa.

Nina swali moja na hofu moja. Swali: karatasi ya kupokelewa ombi ikija, ile inatosha kusafiria? Hofu yangu ni kwamba nikipata kibali, nikaenda, kisha wakiwa wamebadilisha mawazo huku nyuma nikiwa Likoni, itakuwaje?

MamaZuhura_MN · 14 Mei 2025

Mshukuruni baba mkwe, huyo ni mzazi.

Swali: haitoshi. I-797C ya kupokelewa inasema tu kwamba wamepokea. Imechapwa vizuri na ina namba, na hapo ndipo watu hudanganyika. Unasafiri ukiwa na kibali chenyewe kilichoidhinishwa mkononi, cha asili, na tarehe ya mwisho ya kibali iwe baada ya siku utakayotua hapa. Si siku utakayoondoka Mombasa. Siku utakayosimama mbele ya afisa. Acha nafasi ya wiki kadhaa.

Hofu yako ni ya haki na sitakuambia haina msingi. Kibali kinakuruhusu kuja kuomba kuingia. Afisa wa mpakani bado ana neno lake. Na kama I-485 ikikataliwa ukiwa nje, unakuwa katika hali ngumu, ndiyo maana faili liwe safi kabla hujapanda ndege. Kabla ya kukata tiketi ufungue akaunti yako ya USCIS uangalie kama wamekutumia barua ya kuomba ushahidi zaidi au miadi ya alama za vidole. Kama ipo, ishughulikie kwanza. Ukiwa Likoni mume awe anafungua sanduku la barua kila siku. Na kama mtahama nyumba, tangazeni anwani mpya kwa fomu AR-11 ndani ya siku 10, kwa sababu kadi nyingi hupotelea kwenye nyumba za zamani.

Safari iwe fupi. Wiki tatu ulizosema zinatosha. Kwenye mkoba wa mkononi beba kibali, pasipoti, nakala ya I-797C, cheti cha ndoa na ile barua ya daktari. Ukiulizwa ulikwenda kufanya nini, sema ulivyo: nilikwenda kumwona nyanya yangu, anaumwa figo.

Na jambo ambalo watu hulisahau kwa furaha. Ndoa yenu ni ya Februari hii, kwa hiyo kama wataidhinisha kabla hamjatimiza miaka 2, utapewa kadi ya miaka 2 yenye masharti. Andikeni tarehe ya kuisha kwake mahali mtakapoiona, kwa sababu I-751 ya kuondoa masharti hutumwa ndani ya siku 90 kabla ya kadi kuisha.

Nikuachie na hili pia, ingawa kwako silioni kabisa, kwa ajili ya dada mwingine atakayesoma huu uzi usiku peke yake: kama mume anakuambia "nitayaondoa makaratasi yako" kila mnapogombana, au anakupiga, sheria ya Marekani inamruhusu mke wa raia anayeteswa kujiombea mwenyewe kwa fomu I-360, bila mume kujua. Mwanamume pia anaruhusiwa. Mtafuteni mwakilishi aliyeidhinishwa, au niandikieni nitawaelekeza pa kuanzia.

Binti, leo jioni mtumie ami yale maelezo ya kiapo kama nilivyoyaandika juu, neno kwa neno, ili wakili asije Alhamisi akaandika mistari miwili tu akaondoka. Na mwambie amrekodi nyanya akisimulia. USCIS hawahitaji hiyo. Ni yako.

BintiLikoni · 16 Mei 2025

Kiapo kimekamilika, kurasa tatu. Rafiki yangu wa Malindi anatafsiri wikendi hii. Kwa daktari tuna miadi Jumatatu, na kadi ya chanjo ami ameipata ndani ya sanduku la nyanya pamoja na rekodi yangu ya darasa la kwanza. Tukishatuma bahasha nitaandika hapa.